Msafiri na Jembe Asilolishika

Ndugu msomaji, safari ni mwalimu, lakini si kila msafiri ni mwanafunzi. Wengi wetu tunaotoka mjini hufika ugenini hukumu ikiwa tayari mfukoni. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa Mbinga, katika milima ya Wamatengo. Pale mjini benki zipo, fedha zinatumwa kwa simu, na kahawa inapimwa kwenda kuuzwa nchi za nje. Ukitoka kidogo tu, unakuta miteremko imejaa vishimo vilivyopangwa safu kwa safu kama sega la nyuki. Hiyo ndiyo ngoro.

Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa shambani, kisha nikamuuliza, "Mama, mpaka leo mnalima kwa vishimo? Trekta hakuna?" Hakukasirika. Alitazama mteremko, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, hilo trekta litasimama wapi hapa?"

Nilinyamaza. Majani hukatwa na kulazwa kwa miraba, kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Yakioza yanakuwa mbolea, na mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kuporomosha ardhi. Inaelezwa kuwa utaalamu huu ulikua katika karne ya 19, Wamatengo walipobanwa milimani kwa kuyakimbia mashambulizi ya Wangoni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda huko kujifunza. Maprofesa wanajifunza, mimi nacheka!

Basi nikageuka, nikaanza kusifu. "Mila hii msiiache, mama." Hapo ndipo aliponimaliza. "Wanaume hukata majani. Kuchimba ni sisi wanawake. Binti yangu amekataa, yuko Songea. Wewe utabaki unisaidie?"

Kutoka Mbinga ni kilomita 66 kuteremka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko nako mtumbwi wa kuchonga umelala mchangani ubavuni mwa boti ya injini. Mgeni anaupiga picha ule mtumbwi kwa uzuri wake. Mwenyewe, akiulizwa, anataka injini.

Hapa, ndugu msomaji, pana swali la kimaadili. Tumezoea kupima watu kwa mizani ya cha kale na cha kisasa. Anayedharau husema, "Hawa wamebaki nyuma." Anayesifu husema, "Wabaki hivyo hivyo, wanapendeza." Wote wawili hawajashika jembe. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Je, kumsifu mtu kwa mzigo ambao wewe huubebi, si dharau iliyovaa kanzu nyeupe?

Mizani ya haki ni nyingine: jambo hili linamnufaisha nani, na nani analipa gharama yake? Ngoro inahifadhi ardhi, na ardhi ni amana. Hilo ni la kulindwa. Lakini mgongo wa yule mama nao ni amana. Wanaume wakishika jembe pamoja naye, na bei ya mavuno ikawa ya haki, huenda binti akaona shamba lina maana.

Tusafiri, lakini kabla ya kuhukumu, tuulize. Na tukiulizwa kama tutabaki kusaidia, tuwe na jibu.