Aliyegonga Akakimbia, Nani Atamsamehe?



Ndugu zangu katika imani, kuna swali tunaloulizana mara kwa mara baada ya darsa: mwendesha pikipiki amemgonga mtu bila kukusudia, akakimbia, kisha usiku akatubu na akaanza kufunga. Je, amemaliza? Wengi hujibu kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Ni kweli, lakini naona jibu hilo linamruka mtu mmoja, yule aliyeachwa chini.

Suratun-Nisaa aya ya 92 inamzungumzia Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa kukosea. Kwanza ipo kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Pili ipo diya, ikabidhiwe jamaa wa marehemu, ila wao wenyewe wakiisamehe ikawa sadaka. Kafara ni haki ya Allah, na mtu anaweza kuitimiza kimya kimya bila jirani kujua. Diya haiendi hivyo. Lazima mtu aende mlangoni kwa wafiwa aseme, "Ni mimi." Msamaha nao unapita mlango huohuo, kwani familia itamsamehe nani ikiwa haimjui? Kwa hiyo aliyekimbia hakuwanyima fidia tu. Amewanyima na thawabu ya kusamehe, ambayo Qur'ani imewapa wao, haikumpa hakimu wala imamu wala rafiki anayemfariji.

Nalisema hili nikiifikiria Mbau, kwetu, katika wilaya ya Mocímboa da Praia huko Cabo Delgado. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 viliwatawanya watu wetu. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliingia Mbau Agosti 2021, na waliorudi wamerudi kidogo kidogo. Katika sehemu kama ile pikipiki hubeba kila kitu: gunia la mihogo, mgonjwa, mama anayekwenda kujifungua. Sasa mtu akigongwa jioni kwenye njia ya mchanga, ambulensi itoke wapi? Mara nyingi chombo kilichomvunja ndicho pekee kinachoweza kumpeleka hospitali au kwenda kuita watu. Anayekiwasha na kuondoka ameondoka na ambulensi.

Kugonga kulikuwa ajali. Kuondoka ni uamuzi. Wanazuoni wa Kimaliki walimjadili mwenye maji ya ziada anayemnyima msafiri mwenye kiu huku akijua kwamba atakufa, wakaona damu ile iko shingoni mwake ingawa hakumgusa. Sisemi kila aliyekimbia ni muuaji wa makusudi, hilo ni la kadhi na ushahidi. Nasema neno "bahati mbaya" halimtoshi tena.

Sheria za nchi zetu hazikosani na fiqhi hapa. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inamtaka dereva asimame, amsaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Ya Kenya inataka taarifa ifike ndani ya saa 24. Kanuni ya Barabara ya Msumbiji ya mwaka 2011 nayo haikubali majeruhi atelekezwe.

Watasema: akisimama, watu wenye hasira watamuua. Sibezi hofu hiyo, maana vijana wamechomwa moto pamoja na pikipiki zao. Lakini anayetoka pale akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, akasema kuna mtu kalala mahali fulani, huyo hakukimbia. Tatizo ni yule anayekwenda kuosha damu kwenye tairi.

Watasema pia hana kitu. Hapa fiqhi imetutangulia. Diya ya kuua kwa kukosea, asili yake ngamia 100, haikuachiwa kijana peke yake. Hubebwa na aqila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, kwa miaka mitatu. Bima ya lazima inafanya kazi inayofanana na hiyo (mjadala wa uhalali wa bima tuuache kwa leo). Lakini jamaa hawawezi kumchangia mtu anayekana kwamba alikuwepo.

Na abiria je? Huyu hatumtaji kabisa, na mara nyingi ni sisi wanafunzi. Tunashuka mbele kidogo, tunalipa nauli, tunaingia bwenini, na kesho tunasimulia kama kisa. Aya ya 283 ya Suratul-Baqara, ingawa imekuja katika mambo ya madeni, inakataza kuficha ushahidi na kusema kwamba moyo wa anayeuficha una dhambi. Nambari ya pikipiki tuliyoipanda ni ushahidi, na sura ya dereva tuliyempa nauli ni ushahidi. Kuna familia inayoulizia kijiweni hivi sasa, na inajibiwa kwamba hakuna aliyeona.