Ulizeni Mashine Iko Wapi

Wanangu, juzi mjukuu wangu aliyepanga Kisauni alinijia na vikaratasi vitatu vya matangazo, vya kampuni tatu ndogo za intaneti za mtaani kwake. Akavitandaza mezani, akagonga kimoja kwa kidole. "Babu, nimeshachagua. Hii ni nafuu kuliko zile kwa shilingi 500 kila mwezi." Nikamwambia akae kwanza. Niliyomwambia nataka na nyinyi wengine myasikie, maana kila mwezi nakutana na kijana aliyekwisha kulipa na sasa anasumbuka.

Nyaya ndizo zilizonilisha. Niliziunga hapa Mombasa enzi za Posta na Simu, hadi shirika lilipogawanywa mwaka 1999. Waya wa shaba ulikuwa mpole: ukikatika unamenya ncha mbili, unazisokota, unafunga, mteja anaongea. Faiba haikubali hivyo. Ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Unauvua ganda, unaufuta kwa spiriti, unaukata sawasawa kwa kisu chake maalumu, kisha unazilaza ncha mbili katika mashine inayozikutanisha na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme hadi ziwe uzi mmoja. Fundi asiye na mashine hiyo, hata awe hodari namna gani, atasimama chini ya nguzo akitazama juu kama wewe.

Yalinifika mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilivutwa na bei, nikaunganishwa na muuzaji mmoja hapa Kibokoni. Miezi miwili ilikwenda vizuri. Siku moja mkokoteni uliobeba kabati ukapita uchochoroni, kabati likanasa waya ulioning'inizwa chini mno, ukakatika. Kwenye kile kisanduku cha ukutani taa ya LOS ikawaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki. Nikapiga simu, nikaambiwa fundi yuko njiani. Kesho yake yuko njiani. Siku ya tatu simu haikupokewa. Tulikaa siku 11. Binti yangu alikuwa akisoma chuo kwa mtandao, na kila asubuhi alinunua bando la simu ili asikose darasa. Tulipopiga hesabu, fedha za bando za siku hizo zilizidi ada ya mwezi mzima ya ile kampuni niliyoikwepa kwa kuiona ghali. Baadaye ndipo tukajua kuwa muuzaji hana mashine wala leseni. Alikuwa na laini moja tu, akaigawa kwa nyumba za mtaa, na fundi alimkodi siku alizopata fedha.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza: waya ukikatika anakuja nani, anatoka wapi, na mashine ya kuungia ni yenu au ya kukodi? Kisha waulize majirani swali hilohilo, maana kijana wa mauzo hawezi kukujibu kwa uaminifu kama mama wa nyumba ya pili aliyekaa gizani wiki nzima. Leseni nayo si siri. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa orodha ya waliopewa, na jina likikosekana humo, ondoka.

Msinielewe kwamba nawakataza kampuni ndogo. Nazipenda. Zinafika mitaa ambayo wakubwa wanaipita kwa gari, na ofisi zao unaweza kuziendea kwa miguu ukamkuta mwenyewe. Fadhila yao ni ukaribu. Basi hakikisha ukaribu huo upo kweli, haukuandikwa kwenye karatasi tu.

Kuhusu kasi, someni maneno madogo. "Hadi megabiti 8 kwa sekunde" maana yake ni kwamba haitazidi hapo. Hawajakuahidi kwamba itafika. Tena megabiti si megabaiti: megabiti 8 ndiyo megabaiti 1. Laini hiyo ukipewa kamili, faili la megabaiti 700 litashuka kwa dakika 12 hivi. Na kamili huipati saa zote, kwa sababu unagawana na mtaa. Nenda kwa mteja wao saa mbili usiku, wakati kila nyumba inatazama mpira, upime hapo. Pima na kasi ya kupandisha, hasa wewe unayetuma video au kufundisha kwa kamera, wengi husahau.

Ulizeni pia njia zao za kutoka nje ya nchi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na Seacom zilipotua Mombasa, tuliachana na kutegemea setilaiti iliyo juu kilomita 36,000. Lakini Mei 2024 Seacom na waya mwingine wa baharini, EASSy, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Mwenye njia moja aliumia kuliko mwenye mbili. Mwenye kampuni akikujibu swali hili bila kubabaika, huyo anaijua kazi yake.

Mengine ni mafupi. Ruta ni yako au yao, na ukihama inakuwaje? Lipa kwa nambari ya kampuni, usimtumie mtu kwenye simu yake. Na nyinyi wa nyumba za kale, zenye kuta nene za matumbawe na chokaa, wekeni ruta katikati ya nyumba kabla ya kumlaumu mtu; ukuta ule unazima waifai hata laini iwe nzuri namna gani.

Jana jioni mjukuu wangu alirudi na vikaratasi viwili. Cha tatu, kile cha nafuu ya shilingi 500, amekiacha hukohuko. Alipouliza mashine ya kuungia iko wapi, aliambiwa iko Nairobi. Leo saa mbili usiku tunakwenda kwa majirani zake kupima laini za kampuni mbili zilizobaki.