Sadaka ya Shukrani na Amri ya Saba

Jumapili moja ya Novemba, mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alileta sadaka ya shukrani kwa sababu mwanawe amefaulu darasa la saba. Niliitangaza, tukaimba, tukaomba. Jumanne akaja ofisini, akasimama mlangoni. "Baba Mchungaji, naomba unirudishie ile sadaka. Mtoto hakufaulu, tulimfaulisha." Wazazi walichangishwa fedha, na siku ya mtihani majibu yakaingia darasani kwenye vikaratasi. Ameniruhusu nisimulie bila kutaja jina lake wala la shule.

Jibu jepesi lilikuwa mdomoni: Bwana husamehe. Lakini aliyeibiwa ni nani? Zakayo aliwajua aliowadhulumu, akaweza kuahidi kuwarudishia mara nne. Mama huyu amrudishie nani? Wapo wasemao kwamba tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, kila anayefaulu hupata shule, hivyo hakuna aliyenyang'anywa kitu. Si kweli. Nafasi za shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala ni chache, na zinagawanywa kwa alama. Huenda yuko mtoto wa Kayenze au Sangabuye aliyepitwa akiwa na alama zake halali. Hatutamjua kamwe.

Wa pili kuibiwa ni mwana wa mama huyo mwenyewe. Januari ataingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote kwa Kiingereza, na vikaratasi havitakuwapo.

Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya udanganyifu. Mwaka 2011 watahiniwa 9,736 wa darasa la saba walifutiwa. Nikisoma Ezekieli sura ya 18, ambapo nabii anakataa mtoto kubebeshwa uovu wa baba yake, nasita. Mtoto wa miaka kumi na mitatu amkatalieje mwalimu wake, wakati tumemfundisha miaka saba kumtii? Lakini pia alama za uongo haziwezi kuachwa zisimame. Ndiyo maana naona kilichofanyika mwaka 2018 kilikaribia haki zaidi. Matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba yalifutwa, pamoja na ya shule kadhaa za kwingineko, zikiwamo za majirani zetu wa Jiji la Mwanza, na Oktoba hiyohiyo watoto wakarudia mtihani. Uongo uliondolewa, mtoto akapewa nafasi ya kuandika anachokijua. Adhabu kali iwafuate watu wazima.

Na watu wazima ni pamoja na sisi. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, nikashukuru. Lakini mabango ya ufaulu bado yananing'inia kwenye mageti, hata ya shule zetu za kanisa.

Katika Katekisimu Ndogo Luther haishii kukataza wizi. Anatutaka tumsaidie jirani kuilinda na kuikuza mali yake. (Mwaka mmoja wanafunzi wangu wawili wa kipaimara walinakiliana jibu la amri hiyohiyo ya saba, pamoja na makosa ya tahajia.) Kwa hiyo msimamizi anayepita kati ya madawati hafanyi kazi ya kipolisi tu. Analinda mali ya yule mtoto wa Kayenze.

Sadaka nilimrudishia. Nikamwomba amlipie mwanawe mwalimu wa Kiingereza mwezi wote wa Desemba, na amweleze ni kwa nini anasoma wakati wenzake wanapumzika. "Nimwambie yote?" Nikasema ndiyo. Hapo ndipo alipoketi.

Akauliza kama aende kutoa taarifa. Taarifa ile ingeweza kufuta matokeo ya darasa zima, hata ya waliojibu kwa akili zao. Na kukaa kimya kungewaachia waliochangisha fedha darasa la mwaka unaofuata. Nilimwambia sitamlazimisha. Mpaka leo sijui kama ulikuwa upole au woga wangu.