Kuinuka Jamvini

Wajukuu zangu, kila mkija kunisalimia mnanikuta ninainuka kitini na kuketi, ninainuka na kuketi, mnanong'onezana kuwa Babu kaanza wazimu. Leo sikilizeni.

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60. Nikasema nimesimama mbele ya ubao vya kutosha, sasa zamu yangu ya kukaa. Nikakaa kweli: asubuhi barazani, mchana kitandani, jioni kwenye bao. Sokoni naenda kwa bodaboda. Mwaka wa tatu tukaenda matangani Pongwe. Hitima ilipokwisha wenzangu wakainuka jamvini, mimi nikabaki. Miguu haikuuma wala haikufa ganzi, ilikataa tu. Vijana wawili wakanishika makwapani, wakaninyanyua kama gunia la mahindi. Walinipa pole kwa adabu. Afadhali wangenicheka.

Baadaye ndipo nikajua kwamba msuli hausubiri uzee. Huanza kupungua ukishavuka miaka 30, kimyakimya, na ukifika 60 unakwenda mbio. Lakini hurudi ukipewa kazi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee 10 wa makao ya kutunzia wazee, umri wao miaka 90 hivi, waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Miaka 90, jamani! Mimi wa 63 nilikuwa nalilia nini?

Vyuma sikuwa navyo. Nilianza na kiti cha mbao nilichokiegemeza ukutani kisiteleze: inuka bila kushika kitu, keti taratibu. Siku ya kwanza niliweza mara nne. Mara ya tano nikaangukia kiti kama nazi. Kazi yenyewe iko kwenye kule kuketi taratibu, nanyi msijiachie. Miguu ilipokubali nikashika ndoo ya maji, kwanza nusu, kisha tele. Na mswaki napiga nikiwa nimesimama mguu mmoja, ukuta uko karibu.

Nyinyi mna vikundi vyenu vya kukimbia, nawasifu, ingawa naona supu na chapati huchukua muda mrefu kuliko mbio. Moyo na pumzi vinafaidika. Ila Shirika la Afya Duniani, pamoja na zile dakika 150 za mwendo kwa wiki, linataka pia mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na hizo ndizo mnazoziruka. Nawe unayekaa ofisini kutwa, usingoje kiinua mgongo ndipo uanze. Mwenye presha au moyo amwone daktari kwanza.

Mwezi uliopita tulikuwa tena matangani. Niliinuka peke yangu, nikampa mkono mwenzangu, mdogo kwangu kwa miaka minane, naye ainuke. Mlangoni nikakuta kandambili zangu zimekwishaondoka na mtu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, pekupeku.