Kijana wa Munigi, Shika Biki Uandike

Wadogo zangu wa Munigi, nanyi mlioko Kibati na Kanyaruchinya, kuna mtu nataka mumjue. Jina lake George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Akiwa na miaka 14 tu aliingia jeshini kupigana katika vita vilivyovunja utumwa nchini kwao. Alipotoka vitani hata barua aliandika kwa shida, herufi zinakwenda huku na kule. Akaenda shule akiwa kijana mkubwa, bila kuona haya. Akawa mchungaji, akawa mwanasheria, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo la Ohio. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 akatoa historia ya watu weusi wa Marekani, majalada mawili manene, kazi ambayo kabla yake hakuna aliyeithubutu kwa upana ule.

Hayo peke yake yangetosha kumpa heshima. Lakini linalomfanya awe wetu ni alichokifanya hapa Kongo.

Mwaka 1889 Williams alikutana na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa ameishika Kongo, huko Brussels, akapendezwa naye. Mfalme alizungumza vizuri: nia yake ni kuwasaidia Waafrika, hatafuti faida. Marekani nayo ilikuwa imetangulia mataifa yote kuitambua bendera ya Leopold, mwezi wa Aprili 1884. Kila mtu alisifu. Williams alisifu pia, ila aliamua kuja kujionea. Mwaka 1890 alitembea kutoka pwani hadi mahali ilipo Kinshasa leo, akapanda meli ya mvuke, akafuata mto hadi maporomoko ya Kisangani. Hakuwa na jeshi wala serikali nyuma yake. Alikuwa na macho na daftari.

Julai 1890, akiwa huko Kisangani, aliandika barua ya wazi kwa mfalme. Ndani yake kuna mashtaka 12, na kila shtaka lina jambo la kushikika. Anaeleza jinsi machifu walivyonyang'anywa ardhi: mzungu alificha betri ya umeme chini ya koti, waya ukashuka mkononi hadi kwenye utepe wa kiganja, na alipomshika chifu mkono, chifu akarushwa karibu aanguke. Akaambiwa kwamba hiyo ndiyo nguvu ya mzungu, kwamba anaweza kung'oa miti. Kwa hila kama hizo, na kwa masanduku machache ya pombe, vijiji vizima vilikabidhiwa mfalme kwa saini. Williams aliandika pia kuhusu watu waliofungwa minyororo, nyumba zilizochomwa, chakula kilichoporwa. Hakulia kwenye karatasi. Alisema ni nani, ni wapi, ni kwa njia gani.

Walimtukana, mjue hilo. Magazeti yaliyompenda mfalme yalimchafua jina. Serikali ya nchi yake ilinyamaza. Tarehe 2 Agosti 1891 alifariki Blackpool, Uingereza, kwa maradhi, akiwa na miaka 41 tu. Kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina hadi mwaka 1975, wakati mwanahistoria John Hope Franklin, ambaye alikuwa amemfuatilia kwa miongo kadhaa, alipohakikisha limewekwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mnamo 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, kwa aibu, baada ya ushahidi kumzidi. Na katika barua nyingine ya mwaka huohuo wa 1890, kwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Williams aliandika kwamba yanayotendeka Kongo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuyatumia maneno hayo kwa maana tunayoijua leo, na aliyatumia juu ya nchi yetu. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani kamanda wa waasi Bosco Ntaganda, ambaye watu wa Goma walimwona akiishi waziwazi mjini, kwa makosa ya kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu uliofanyika Ituri. Akapewa miaka 30. Kilichomfunga ni ushahidi: watu waliokumbuka siku, kijiji, sura, amri iliyotolewa.

Yupo na mwenzake Williams, William Sheppard, mmisionari mweusi kutoka Virginia aliyefanya kazi Kasai. Mwaka 1899 alifika kwenye kambi ya wapiganaji waliotumwa na serikali akakuta mikono iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto. Mwingine angekimbia, wala nisingemlaumu. Sheppard alisimama akaihesabu. Mikono ya kulia, 81. Hesabu hiyo ilizunguka dunia, na mwaka 1909, kampuni ya mpira ilipomshtaki huko Leopoldville, Kinshasa ya leo, kwa maandishi yake, alishinda kesi.

Nageukia kwetu. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu Goma na kambi za wakimbizi za kandokando. Mawe haya meusi yalikuwa magumu hata makaburi yakashindikana kuchimbwa. Majina yao yako wapi? Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita Munigi ukashuka hadi ziwani. Mei 2021 ukarudi, ukameza nyumba za Buhene. Januari 2025 vita viliingia Goma. Mama anayepanga bidoni lake kwenye foleni ya maji anaweza kukueleza yote hayo kwa mpangilio: nani alipotea, nyumba ya nani ilikuwa pale, shamba liliishia kwenye mti gani. Siku akiondoka duniani, kumbukumbu hiyo inakwenda naye. Hasara hiyo ni kubwa, na inaweza kuzuilika.

Msiniambie kwamba mambo ya ushujaa ni ya Wamarekani. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Mwaka 2007 alikataa hongo na kukataa kupitisha chakula kilichoharibika ambacho kingeliwa na watu wa mji huu. Walimuua akiwa na miaka 26. Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, huko Roma. Naye alikuwa na biki mkononi, akakataa kuitumia kusaini uongo.

Kwa hiyo anza leo. Usingoje kazi ya shirika, usingoje kompyuta, usingoje Kifaransa chako kinyooke. Kiswahili unachozungumza kinatosha. Nunua daftari. Nenda kwa bibi yako, kwa baba mdogo, kwa jirani aliyefika mwaka 1994, umwombe akueleze. Andika tarehe, andika mahali, andika jina kama mwenyewe ameridhia. Tenganisha ulichokiona na ulichosikia. Ukihesabu, hesabu mara mbili. Usijitie hatarini kwa kujionyesha; yapo ya kuandika na kuficha, na nakala mpe mtu mnayeaminiana naye aliye mbali. Mkiwa watano katika mtaa mmoja, gawaneni nyumba. Watakaokucheka wapo, na pengine hutasifiwa ukiwa hai. Andika hivyohivyo, wadogo zangu, maana msipoandika ninyi wa Munigi, historia ya Munigi itaandikwa na yule aliyeficha betri chini ya koti.