Upanga Uliofungwa kwa Nguo

Kila mwaka, siku za mwanzo za Desemba, watu hukusanyika Kisama, karibu na mji wa Kohima, kaskazini mashariki mwa India. Wanaume wa makabila ya Wanaga hucheza ngoma za mababu wakiwa na mikuki na silaha iitwayo dao. Dao ni jamii ya panga: bapa lake ni jembamba penye mpini, hupanuka kuelekea ncha. Ile ya sherehe hupambwa kwa manyoya ya mbuzi yaliyotiwa rangi nyekundu. Wengi wa wachezaji hao ni Wakristo. Katika jimbo lao la Nagaland, Wakristo ni zaidi ya asilimia 80 ya watu, na wengi wao ni Wabaptisti. Jumapili wataketi kanisani kama sisi.

Hapo, wapendwa, pana swali. Zamani dao ilikata vichwa vya maadui. Kichwa kilicholetwa kijijini kiliaminiwa kuleta nguvu na baraka, na aliyekileta alipata haki ya kuvaa mapambo ambayo wengine hawakuruhusiwa kuvaa. Je, aliyemwamini Kristo aweza kuishika silaha hiyo kwa furaha? Au ingefaa itupwe motoni?

Tukumbuke kwanza kwamba dao hiyohiyo ilifyeka msitu ili mpunga upandwe, ikapasua mianzi ya kujengea nyumba, ikakata nyama ya karamu. Hatuwezi kusema kwamba uovu uliingia ndani ya chuma siku kilipofuliwa.

Maandiko nayo hayatuamulii kwa haraka. Hezekia aliivunja nyoka ya shaba (2 Wafalme 18:4), ingawa Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe. Lakini upanga wa Goliathi haukuvunjwa. Ulitunzwa kwa kuhani kule Nobu, umefungwa kwa nguo, nyuma ya naivera (1 Samweli 21:9). Chombo cha uponyaji kikavunjwa, silaha ya adui ikahifadhiwa! Sababu ni kwamba watu walikuwa wakiifukizia nyoka uvumba, bali upanga uliwakumbusha jinsi Bwana alivyowaokoa.

Injili ilifika kwa Wanaga wa kabila la Ao mnamo 1872, kwa kazi ya mmisionari Mmarekani Edward Winter Clark na mwinjilisti Godhula, mwenyeji wa Assam. Polepole desturi ya kukata vichwa ikakoma, ingawa kwa Wakonyak ilikawia hadi katikati ya karne ya 20. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini pamoja na damu vilikatazwa pia nyimbo, karamu na mabweni ambamo vijana walifundishwa na wakubwa wao. Wako Wanaga waaminifu wanaouliza leo kama ngano haikung'olewa pamoja na magugu.

Tena historia yao inatuchoma mahali pengine. Dao iliwekwa chini, bunduki ikashikwa. Vita vya kudai uhuru kutoka India vilizaa makundi, na makundi hayo yakauana yenyewe kwa yenyewe. Baadhi yao walibeba kauli mbiu ya Nagaland kwa Kristo. Ndugu aliyebatizwa akampiga risasi ndugu aliyebatizwa. Mwaka 2008 viongozi wa makanisa na wengine wakaunda Jukwaa la Upatanisho wa Wanaga, ili kuwaketisha maadui hao pamoja. Silaha ya mababu ilikuwa imehojiwa kwa miaka mingi. Ile mpya iliingia bila kuulizwa lolote.

Wanaoogopa kuitunza dao wana haki kwa sehemu. Hata upanga wa Goliathi haukubaki nyuma ya naivera. Daudi aliuomba, akaenda nao. Kinachotunzwa chaweza kurudi mkononi. Kwa hiyo tunaona kwamba atunzaye silaha ya kale ana wajibu wa kuisimulia yote. Akiwaambia watoto habari za ushujaa tu, asiwaambie habari za mama aliyemngoja mwanawe asirudi, huyo ameanza kuifukizia uvumba. Akisimulia yote mawili, na jinsi neema ilivyowatoa huko, dao inakuwa ushuhuda.

Na sisi je? Ni rahisi kuijadili ngoma ya mzee mmoja kwa kikao kizima, kisha tukatoka na kinyongo chetu, dharau yetu kwa kabila la jirani, na ulimi uliomjeruhi ndugu tuliyeketi naye benchi moja. Hivyo havipambwi kwa manyoya mekundu, wala hakuna anayeviita vya jadi. Ndiyo maana hupita mlango wa kanisa kila Jumapili. Bwana atupe ujasiri wa kuvitaja kwa majina yake, kisha tuviache miguuni pake.