Nani kasema mwanao ni kilaza?



Ndugu zangu Waislamu, juzi baada ya Swala ya Isha mzee mmoja alinijia na mwanawe wa kidato cha pili. "Ustadhi, muombee dua huyu. Hesabu hawezi, Allah hakumjaalia akili." Kijana kainamisha kichwa. Niliumia, maana alikuwa keshaambiwa, tena na baba yake mzazi, kwamba hata akijitahidi ni kazi bure.

Hivi haya tumeyatoa wapi? Katika Suratun-Nahl, aya ya 78, Allah anatukumbusha kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui lolote, kisha akatupa masikio, macho na nyoyo. Sote, anayeitwa kipanga na anayeitwa kilaza! Na katika Surat Taha, aya ya 114, Mtume (S.A.W.) mwenyewe anaamrishwa aombe kuzidishiwa elimu. Sasa huyu kijana mlango kafungiwa na nani?

Inasimuliwa kuwa Sibawayhi alikosea nahau mbele ya shekhe wake, Hammad bin Salama, akasahihishwa hadharani. Alikuwa Mwajemi, udhuru anao. Lakini alikwenda kuisoma nahau hiyo hiyo, na kitabu chake wanachuoni wanakirejea hadi leo.

Wapo wanaodhani dawa ni kumsifu mtoto kuwa ana akili. Hapana. Mwaka 1998 huko Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck walieleza kuwa watoto waliosifiwa akili, walipokutana na maswali magumu, walivunjika moyo kuliko waliosifiwa juhudi. Baadhi hata walidanganya alama zao! Wala sisemi kubadili fikra peke yake kunafaulisha. Utafiti wa huko huko wa mwaka 2019, wa wanafunzi wapatao 12,000, ulionesha faida ndogo, hasa kwa wenye alama za chini. Mwalimu na daftari bado vinahitajika.

Dua niliomba. Kisha nikamuuliza kijana, ni kipi hasa kinachokushinda?

"Aljebra, ustadhi. Tangu nilipougua wiki tatu kidato cha kwanza."

Baba yake akamtazama. "Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza, baba."